Mpinzani wa Kila Mtoto

Mke wangu Haika hajui kutulia. Hata chai anainywa amesimama, akichungulia dirishani utadhani ameagiza mzigo. Wiki ile ya somo la majaribio ndiyo ilikuwa balaa: alitembea sebuleni mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa mpini wa ufagio.

Miaka yote hapa ughaibuni, Lewisham, amekuwa msaidizi wa mwalimu, akinoa penseli za watoto huku roho yake iko ubaoni. Sasa shule moja ya Kikatoliki ilimwita afundishe historia mbele ya mkuu wa idara. Somo likipendeza, kazi ni yake. Mada ilikuwa jinsi Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, walivyofundisha Ulaya miaka mia nne iliyopita.

"Sitawahadithia," aliniambia. "Nitawafundisha vilevile walivyofundishwa watoto wa wakati ule."

Mimi dereva wa basi, nitaelewa wapi? Akanieleza huku akiizunguka meza. Wajesuiti waligawa darasa kambi mbili, Warumi na Wakartago, mahasimu wa kale, na kila mtoto akapewa mpinzani wake. Ukikosea, mpinzani anasimama, anakusahihisha, anachukua kiti chako cha mbele. Wewe unabeba vitu vyako unarudi nyuma. Masista waliomsomesha Haika kule Kilimanjaro walikuwa bado wanafanya hivyo.

Siku yenyewe, kwa alivyonisimulia, darasa liliwaka moto. Watoto wanaosinziaga walipigania kujibu, na mkuu wa idara, Jasmeet, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alicheka kwa raha. Ikafika zamu ya Lorraine, binti wa nesi mmoja Mkenya. Alikosea, akahama. Akakosea tena, akahama tena, hadi kiti cha mwisho, amekumbatia begi lake. Wenzake wakashangilia. Hakufungua mdomo tena mpaka kipindi kikaisha.

Jioni Jasmeet alipiga simu, Haika akaweka spika.

"Haika, hiyo lesson ilikuwa moto! Kazi ni yako. Lakini nataka hiyo game kila wiki, na ufunze walimu wengine pia."

Niliruka kwa furaha. Haika alisimama tuli, na utulivu ule ulinitisha.

"Kazi naitaka sana, dada. Ila mchezo huo siurudii."

"Why? Watoto wameupenda!"

"Na Lorraine?"

"Huyo ni mtoto mmoja tu, Haika."

Jasmeet akasema ataongea kwanza na headteacher, akakata. Hajapiga tena.

Nilikasirika, sifichi. "Mama, umeipiga teke riziki kwa ajili ya mtoto wa watu!"

"Lusajo, mimi nimesoma miaka yote nimekaa nyuma kabisa. Kila nilipohamishwa, sista alipiga makofi. Namchukia mpaka leo." Akaitazama mikono yake. "Lorraine alipobeba begi lake, na mimi nilipiga makofi."