Shikamoo Tuliyomnyima Msimamizi

Kiwanda chetu kilikuwa ghala tu pale Singida mjini, tunashona sare za shule. Jioni hakuna mwanamke aliyetoka bila kupekuliwa, eti tunaiba zipu. Mpekuzi alikuwa msimamizi mwenyewe, mtu wa umri wa baba yangu, na zipu zake alizitafuta vifuani na mapajani mwetu. Wanaume wa kukata vitambaa walipita bila kuguswa. Hata leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kilichoniudhi zaidi ni ile adabu yetu. Kwetu mtu mzima humpiti bila kumwamkia. Basi kila mmoja alifika mbele yake, akasema shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," huku mkono umeshaingia ndani ya blauzi. Mwanangu! Mshenzi mkubwa.

Akaja binti kutoka Sepuka, mgeni wa kazi. Siku ya kwanza tu alipekuliwa mpaka foleni ikasimama. Asubuhi yake nilimkuta chooni analia, anasema anaacha kazi, na nyumbani wanamtegemea yeye.

"Usiache, mdogo wangu," nikamwambia. "Mnyime shikamoo."

Sijui wazo lile nililitoa wapi. Jioni alipita kimya, nami nyuma yake kimya. Haukupita muda, wanawake wote tukawa mabubu pale getini.

Mzee akavimba! Kushikashika watoto wa wenzake hakuona aibu, lakini kukosa kuamkiwa kulimkosesha usingizi. Akaenda mwenyewe kutushtaki kwa bosi kwamba hatuna malezi.

Bosi akatukusanya. "Kwa nini hammwamkii mzee wenu?"

Tukaangalia chini, mimi mshauri nikiwa wa kwanza. Binti wa Sepuka akasimama.

"Shikamoo, bosi. Huyu siwezi kumwamkia. Kila jioni ananishika maziwa, halafu ananiita mwanangu."

Msimamizi alikohoa. Bosi akakuna kichwa, akasema amesikia, turudi kazini.

Jumatatu tulimkuta mama mmoja getini, ndiye mpekuzi mpya. Tukashangilia, tukakumbatiana. Binti alibaki kwenye cherehani yake. Msimamizi naye hakufukuzwa. Alipewa meza ofisini, na kazi ya kusaili wasichana wanaoomba ajira, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa.