Aliyechambua Barua

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kugombania wakulima wa Mbinga, sisi wa posta tuliambiwa tutapangwa madaraja upya. Atakayeonekana anafanya kazi ya karani atalipwa ukarani. Mhudumu atabaki na mshahara wa mhudumu, au atapunguzwa kazini.

Ofisini tulikuwa watatu: mkuu wetu, mimi, binti karani wa majaribio niliyetoka shule juzi tu, na mzee mmoja wa Litembo. Kwenye makaratasi mzee alikuwa mhudumu, wa kufagia na kubeba mifuko. Kwa kweli ndiye aliyechambua barua. Kwetu ukoo mmoja umejaa kuanzia Mbuji hadi Kitura, na barua nyingi ziliandikwa jina tu, kwa kupitia parokia. Mimi nilibaki kukodoa macho. Yeye alitazama mwandiko na muhuri wa ilikotoka, akasema, "Hii ni ya yule mjane wa Kitura, mwanawe yuko Tanga." Hakukosea.

Siku afisa wa madaraja alipokuja kutazama kazi inavyofanyika, mkuu wetu alikuwa Songea. Mgeni hakosi kuandaliwa kitu, sote tumelelewa hivyo. Nikasema, "Baba, tafadhali mchemshie mgeni chai." Mzee akaenda kwa moyo mweupe. Adabu ile ilinifaa sana. Nikasimama mezani peke yangu, najidai kuchambua barua alizokwisha kuzipanga yeye.

Aliporudi na sinia, afisa akauliza, "Na huyu?"

"Mhudumu wetu," nikajibu. "Huwa ananisaidiasaidia."

Sikudanganya. Ndivyo nilivyojiambia, na kujiambia huko kunanitia aibu mpaka leo.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Mimi nilipanda daraja. Mzee alibaki mhudumu, tena kwenye orodha ya watakaopunguzwa. Barua yake ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza kilimpiga chenga, kwa hiyo nilimsomea mimi. Hakunilaumu hata kidogo.

"Mwanangu," alisema, "yule afisa hakuniona nikifanya kazi. Nasikia mtu anaweza kukata rufaa akiwa na shahidi wa humu ofisini. Wewe kazi yangu unaijua. Niandikie."

Niliijua vizuri mno. Nilijua pia kwamba nafasi ya ukarani ilikuwa moja, na nyumbani walikuwa wameshachinja kuku kwa ajili ya cheo changu. Nikaichukua ile barua, nikajifanya kuisoma tena mstari kwa mstari.

"Muda wa rufaa umepita, baba."

Ilikuwa imebaki wiki nzima. Mzee aliipokea barua, akaikunja, akaitia mfukoni, akanishukuru kwa kumsomea. Kisha akasogea mezani, akaniuliza kama kuna barua yoyote iliyonishinda siku ile.