Jeannine na Nywele za Mama Ruphin

Katika akina mama wa Kikongo pale Malvern, Joburg, kila mmoja ana kazi yake msibani. Wengine huosha, wengine huvisha. Jeannine husuka, maana kwao mama hazikwi na kichwa cha mtu aliyetoka kulala.

Siku moja mwaka 2017, saluni kwake barabara ya Jules, mteja wake Lois, Mkenya anayefundisha chuo kikuu, alisimulia habari za kuru, ugonjwa wa ubongo uliowapata watu fulani wa Papua kwa sababu ya desturi za mazishi. Mikono hutetemeka, miguu hulegea, dawa hakuna. Hapo mtoto wa Jeannine akalia. Jeannine akaenda kumnyonyesha, na aliporudi hadithi ilikuwa imekwisha.

Wiki ile ile vidole vyake, vilivyosuka maiti wengi, vikaanza kutetemeka. Halafu Mama Ruphin akafariki, yule aliyempokea Joburg na kumfundisha kazi. Akina mama wakamwita. Jeannine akasema anaumwa, akakaa kitandani akimtazama mwanawe Sagesse wa miezi sita. Nani atamlea?

Kesho yake Lois akaja kumjulia hali.

"Dada Lois, nina kuru," akasema, akanyoosha mikono.

"Eish! Jeannine, wale walikuwa wakila maiti wao, hata ubongo. Kwa mapenzi, lakini walikula. Wewe umekula mtu?"

"Miye? Hata kichwa cha samaki sili!"

Walicheka mpaka Sagesse naye akacheka, bila kujua kitu.

"Na leo umekula nini?"

"Chai."

"Jana?"

"Chai, na nusu andazi."

"Mtoto anakunyonya hivi, wewe unaishi kwa chai, halafu lawama kwa Papua!"

Kliniki, nesi akampima: damu pungufu. Akampa vidonge na maneno makali kuhusu chakula. Jeannine akamaliza sahani mbili za bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, akanyoosha vidole. Vimetulia.

Kule walikomlaza marehemu, akina mama wakamlaki kwa vigelegele vya chini chini.

"Tulitaka kumvisha kofia!"

"Mama Ruphin na kofia? Angeamka atufukuze wote!"

Akachana mstari wa kwanza, ukanyooka kama uzi. Akainama sikioni mwa marehemu.

"Mama, ngoja nikuambie upumbavu niliofanya wiki hii."