Tembo wa Neon Juu ya Mlango Wangu

Mkitaka kucheka chekeni tu, aibu hii nusu ya Kolwezi inaijua, sasa nifiche nini? Miaka ile ya Zaïre taa za neon zilikuwa zinakufa moja moja mjini, msalaba wa famasi ukazimika, kiatu cha duka la viatu kikazimika, fundi wa kuzitengeneza hayupo, halafu Tata Kabeya mwenye baa naye akachoka, akashusha ya kwake (tembo wa kijani, mkonga juu, wachimbaji wote wa mgodi wa Musonoi walikuwa wanamfuata wakitoka kazini) akaweka kibao cha rangi. Mi ni fundi umeme, roho iliniuma. Nikamwomba yule tembo, nikamfunga juu ya mlango wangu, maana Jumamosi ile wakwe walikuwa wanakuja kuona nyumba kabla ya kunipa Ngoie wao, na mji hawaujui, basi nikawatumia neno: ulizeni penye tembo.

Jumamosi yenyewe ilikuwa siku ya mshahara (hapo akili yangu ilikuwa imelala).

Jioni nikawasha, nikavaa abakosti yangu, ile suti ya Mobutu isiyo na tai, nikasimama mlangoni. Waliofika kwanza ni wachimbaji, wameona kijani wakaja moja kwa moja, wakakalia viti nilivyowapangia wakwe.

"Patron, utuletee mbili za baridi," mmoja akaniambia. "Mulihama bila kutuambia?"

"Hapa ni kwangu, tata. Haiko baa."

"Na tembo?"

Wengine wakaja na chupa zao mkononi, nyimbo zikaanza, na katikati ya kelele hizo akatokea Tata Ilunga, baba yake Ngoie, mzee wa kanisa ambaye hata soda huinusa kwanza, na mkewe nyuma amebeba kuku. Mlevi mmoja akamsogezea kiti kwa heshima zote. "Tata, ikala. Huyu patron anachelewaka."

Tata Ilunga hakukaa. Alitazama chupa, akamtazama tembo.

"Mutoto yetu hataolewa mu baa," akasema polepole. "Uchague. Huyu nyama ao Ngoie."

Nikazima, nikapanda juu ya kiti, nikaanza kumfungua mbio mbio (fundi mzima, mbio za nini?), mkonga ukagonga ukuta, tembo mzima akamwagika chini vipande vipande. Wale wachimbaji walivua kofia, nawaapia, kama wako kwenye msiba, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Mama mkwe ndiye aliyefagia. Akaokota kipande, akakifuta na kitenge chake, akaniuliza, "Hauwezi kukiwasha tena?"

"Hapana, mama. Kikivunjika, hewa yake inaenda."

Ngoie nilipewa, namshukuru Mungu. Wakwe siwaaliki tena siku ya mshahara, na cha baa nakiacha baa. Lakini neon nyingine sijaiona Kolwezi tangu jioni ile, na ya mwisho niliiua mimi, niliyetaka kuiponya.