Kupe Niliowapeleka Kikole

Kupe wa Kikole niliwapeleka mimi, na sijamwona hata mmoja.

Kazi yangu hospitalini ni kuingiza magonjwa kwenye kompyuta, kila ugonjwa kwa namba yake. Daktari aliandika kwamba mzee mmoja wa Kikole amefariki kwa homa ya ubongo ya virusi, chanzo hakijulikani. Nilipotafuta namba yake, kompyuta ikaniletea orodha ndefu. Nikachagua ya juu kabisa, kama kawaida yangu, bila kuisoma mpaka mwisho. Ile ilikuwa namba ya virusi vinavyoenezwa na kupe.

Baada ya siku chache mimi na daktari tukatumwa Kikole kuwasaka kupe hao. Niliingia msibani suruali nimeichomekea kwenye soksi ili kupe wasinipande, najiona mtaalamu. Mjane alikuwa peke yake kwenye jamvi. Habari za kupe zilikuwa zimetutangulia, na majirani wameacha kuja kukaa naye.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba," daktari alisema.

"Marahaba. Tumeshapoa. Karibuni mkae."

Daktari akakaa. Mimi nikabaki nimesimama, maana kupe nawaogopa.

"Mzee alikuwa anafuga nini?" daktari aliuliza.

"Hatufugi ng'ombe wala mbuzi, mwanangu. Tuna mikorosho tu. Hao kupe kawaona nani?"

Daktari akanigeukia taratibu. "Mimi sikuandika kupe," alisema.

Mjane akanitazama usoni, akashusha macho mpaka kwenye soksi zangu. Kisha akasogea kidogo kunipisha nikae, ingawa jamvi lote lilikuwa tupu.