Midomo ya Mkalimani

Si kweli kwamba mkalimani wa kanisa la Ngulyati huja amelewa, wala hamwigizi Padre. Anyes, mjane wa kaka yake, amechoshwa na uzushi huo. Shemeji yake husimama akisokota ukingo wa kofia yake, na Padre akihubiri kwa Kiswahili, midomo ya shemeji nayo hucheza bila sauti, neno kwa neno. Ndivyo anavyosikia. Hata redio huisikiliza hivyo, na akiwa anatafuna muwa atakuuliza mara mbili umesema nini. Padre akinyamaza, Kisukuma humtoka kimenyooka, kwa sauti nene ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

Jumapili iliyopita katekista Novatus alimwambia mbele ya watu, "Mzee, leo ufunge mdomo. Unatuchekesha." Akatii. Akaibana midomo kwa vidole mpaka Padre alipomaliza, kisha akamgeukia.

"Padre, sijasikia kitu."

Kanisa likaangua kicheko. "Pombe hiyo!" mtu akadakia nyuma.

Anyes akasimama. "Padre, rudia tafadhali. Na wewe, shemeji, achia mdomo wako."

Padre akarudia, midomo ikacheza, na mahubiri yakatoka yote kwa Kisukuma.

Nje, Novatus alimfuata Anyes kwa unyenyekevu. "Mayu, mama yetu, hatukujua. Kwani ni ugonjwa wa ukoo wenu?"

"Ukoo wetu hauna ugonjwa, Novatus. Kamwombe radhi yeye, mbele ya watu wale wale. Mimi nimemaliza kusema."