Jekundu la Kwenye Kona

Wifi yangu hufuma masweta ya shule kwa mashine, chumba cha pili kutoka changu. Mumewe ni kaka yangu. Kaka alipopata kazi ya ujenzi mbali, wifi alimfumia sweta jekundu la kuumiza macho. Nikamwuliza, "Wifi, unamvisha mume au unawasha taa ya barabarani?"

"Siku atakayorudi," akasema, "nataka nimwone tangu kule kwenye kona, kabla sijaitambua hata sura yake."

Basi kila jioni akifunga kazi, huketi kizingitini, uso kwenye kona. Nikamwambia shingo yake itakauka imepinda vile vile. Mtu mwenye hamu humwambii kitu.

Kikohozi kikamshika. Hospitali wakasema ni kifua kikuu, wakampa vidonge vya kumeza kwa miezi. Akavimeza kwa adabu, mwili ukarudi, nikaanza tena kumtania.

Ndipo mwalimu mkuu mmoja akarudisha masweta. "Mama, mstari wa shule yetu ni mwekundu. Huu ni wa kahawia."

"Mwalimu, chaki imekuingia machoni," wifi akamjibu, akacheka. Mwalimu alipoondoka akaniita. Hakuwa anacheka tena.

"Wifi, huu uzi rangi gani?"

"Kahawia. Rangi ya matope."

"Na huu?"

"Mwekundu."

Akayaweka mabunda yote mawili ya uzi mapajani. "Mimi naona mapacha."

Kumbe rangi zilianza kumtoka siku nyingi, na maandishi yalikuwa yanafifia.

"Kliniki umewaambia?"

"Nilikwenda kwa ajili ya kifua, wifi. Nikianza na macho, kesho wataniuliza na kisigino. Halafu nilidhani ni uchovu wa kuitazama ile kona."

"Kwani dawa ikishamezwa huulizia njia ya kifuani? Inazunguka mwili mzima kama mbea mtaani. Vaa viatu."

Daktari wa macho alimwonyesha kitabu cha vitone vya rangi, asome namba iliyojificha ndani. Wifi hakuiona. Daktari akauliza anatumia dawa gani, akaitazama kadi yake, akatikisa kichwa. Kati ya vile vidonge, alisema, kimoja kiitwacho ethambutol huweza kuumiza mshipa wa fahamu wa jicho, na mara nyingi nyekundu na kijani ndizo hutangulia kuharibika. Alipaswa kuja siku ile ile rangi zilipoanza kumtoka. Wakakisimamisha hicho kimoja, wakampangia upya vingine, wakamwonya asiache chochote kwa akili yake.

"Macho yatarudi?" wifi akauliza.

"Mara nyingi hurudi, mama, polepole. Kwa wengine hayarudi yote."

Yeye akasikia hilo la mwisho tu. Njiani akasema, "Basi atapita pale kwenye kona, na mimi nimekodoa macho tu."

Akawa ananifungisha fundo kwenye kila bunda jekundu ili asikosee tena. Asubuhi akifungua mlango hushika bunda moja, hulitazama kwenye mwanga, hulirudisha. Nilijua anayapima macho. Jioni, kizingiti na kona.

Mchana mmoja kaka akatokea bila taarifa, amevaa koti la kijivu. Alipita ile kona na wifi akimtazama, akadhani ni fundi bomba. Tulipokwisha kulia na kusalimiana, wifi akauliza, "Sweta langu liko wapi?"

Likatoka begini. Akalisogeza mlangoni penye mwanga, akakaa nalo.

"Naliona kama tofali la zamani," akasema.

"Limepauka, mke wangu," kaka akasema. "Kule juu ghorofani jua halina huruma."

Wifi akamtazama kama mtu anayedanganywa kwa upole. Nikafungua mdomo, akaninyooshea kiganja. Akaligeuza sweta ndani nje, akaupanua mshono wa ubavuni, pale vipande viwili vinapokutana na jua halifiki. Akaulaza ubavu wa nje kando yake.

"Huku limepauka," akasema taratibu. "Huku ni jekundu." Akapapasa ule mshono. "Si kama lile nililofuma. Lakini ni jekundu."

Nikatazama. Ndivyo lilivyokuwa.

Akalirudisha upande wake, akamtupia kaka. "Livae. Nenda mpaka nyuma ya kona, halafu urudi."

"Na joto hili?"

"Nenda, kaka," nikamwambia. "Si wewe uliyekuwa ukikaa kizingitini."

Akatoka akilalamika. Wifi akaketi mahali pake, uso kwenye kona.